Shikamoo Iliyochelewa

Mtaa wa maduka ya vitambaa siku ya Jumamosi asubuhi haumfai mtu mwenye haraka. Wauzaji wanaita, wasukuma mikokoteni wanapiga miluzi wapishwe, na marobota yamepangwa mpaka nje ya milango, mpita njia inambidi atembee upande upande. Katika vurugu hiyo watu wawili walishika kitambaa kimoja, kila mmoja kwa ncha yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia.

Mmoja alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, nywele kazifunga nyuma, begi la kazini begani ingawa haikuwa siku ya kazi. Mwingine alikuwa mwanamume mrefu, futi ya utepe imening'inia shingoni na pini zimechomekwa kwenye kola ya shati.

"Dada, hiki nimeshika mimi."

"Na mimi nimeshika nini, hewa?"

"Mimi ni fundi wa mapazia. Nina mteja anakisubiri."

"Mimi ninao wengi wanaosubiri, na wanalia."

"Wanalilia pazia?"

"Wanalia mbele ya dirisha lisilo na pazia. Chumba changu kinatazamana na foleni ya dawa. Mtu anatoa yaliyomo moyoni, foleni nzima inamkodolea macho. Nataka kitu kizito, hata jua lisichungulie."

Fundi alikuwa na jibu, maana Fundi hakuwahi kukosa jibu. Lakini mzee mmoja mwenye mkongojo akawa anapita karibu yao, mkewe kamshika mkono. Fundi akainamisha kichwa, "Shikamoo, mzee." Yule mwanamke hakusema neno. Alimwona mzee, hilo Fundi ana hakika nalo, kisha akayarudisha macho kwenye kitambaa kana kwamba amepita paka.

Binti mzuri hivi, adabu hana! Ndivyo alivyowaza Fundi. Ila mzee alipiga hatua chache, akasita, akageuka.

"Dokta! Hujambo, binti yangu?"

Uso wa mwanamke ukachanua. "Shikamoo, baba!"

"Marahaba. Mke wangu, njoo umwone, huyu ndiye aliyenirudishia usingizi."

Walipokwisha kupita, Fundi alikuwa bado kashika ncha yake, mdomo wazi. "Hebu nieleweshe. Mzee wa watu anapita humwamkii. Akikuanza yeye, unamchangamkia kama baba yako mzazi."

"Ndio utaratibu wa kazi yetu. Mimi ni mwanasaikolojia, kliniki ya afya ya akili, hospitali ya serikali. Huku nje simwanzi mtu. Nikimwanza, aliyefuatana naye atamuuliza, huyu mmejuana wapi? Akitaka tujuane, ataanza yeye."

"Hata kama ni mzee?"

"Hata kama ni mzee. Nimeshaitwa mkosa adabu mpaka nimezoea."

"Kumbe uko kule kwa vichaa!" Fundi akaangua kicheko.

Dokta hakucheka. "Akili ni nywele, kaka yangu, kila mtu ana zake. Zako leo hujazichana."

Muuza duka aliyekuwa akiwasikiliza alicheka mpaka akaegemea robota. Fundi akashika kichwa chake, akakipapasa kama anayetafuta kitana, kisha akaachia kitambaa. "Nimekubali. Chukua. Lakini pazia zito halishonwi na kila mtu. Nitakushonea mimi, na kuja kutundika nije mwenyewe. Iwe faini ya mdomo wangu."

*

Alikuja kweli, ngazi begani. Akapita kwenye korido yenye benchi refu ambapo watu walikaa wakitazama sakafu, akaingia chumba kidogo kilichopakwa rangi ya maziwa. Viti viwili, meza imesukumwa ukutani, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kiti cha mgonjwa.

"Saa hii nani kaiweka huku? Mgonjwa ataionaje?"

"Sikumwekea yeye, nimejiwekea mimi. Nikitazama mkononi wakati mtu analia, atadhani nimemchoka."

Fundi alikuwa juu ya ngazi, msumari mdomoni. Alimtazama mwanamke yule anayefikiria mpaka mahali pa kutundika saa, akasahau alichopandia. Ndivyo mapenzi yalivyomwingia, mbele ya watu wa foleni ya dawa. Aliposhusha pazia na chumba kikapoa, Dokta akalishika pindo, akalipitisha kwenye vidole. Lilikuwa limepigwa mishono miwili sambamba, ile ya pili ikirudi nyuma kidogo kila hatua.

"Zuri. Kwa nini umelipiga hivi?"

"Pindo la hivi halifumuki. Nilifundishwa nyumbani."

Kuanzia hapo simu ya Dokta haikupoa.

"Dokta wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi hushiba nikikuona."

"Basi leo utashinda njaa, nina wagonjwa mpaka jioni."

"Na mimi niandikishe basi. Naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kifua. Upande wa kushoto. Kinaanza ukikata simu."

Jumamosi zao walizimaliza wakitembea. Dokta alimpenda kwa kicheko chake, na alimpenda zaidi pale kicheko kilipokoma. Siku moja mteja alisema "vichaa" mbele yake na Fundi akamwambia taratibu, "Sema wagonjwa, kaka." Dokta alijifanya anachagua nyuzi, lakini alisikia, na siku nzima alikuwa mwepesi.

"Nataka nikupeleke kwa mama," Fundi alimwambia. "Mama yangu ni chuma. Baba alipofariki sote tuliangua kilio, yeye akawa ndiye anayetubembeleza."

Sasa, kati ya wagonjwa wa Dokta alikuwapo mama mmoja aliyekuja kila Jumanne, mjane wa mtandio wa zambarau, ambaye tangu afiwe na mumewe alikuwa hawezi kuingia kwenye watu bila moyo kumpaa na pumzi kumkata. Kwao waliamini anakwenda mazoezi ya mgongo. "Nina kijana wangu wa mwisho," alisema wakati fulani. "Tunaishi naye. Yeye kila kitu ni mzaha. Jirani yetu alipoletwa kliniki hii, mwanangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nitamwambiaje?" Na Dokta, aliyekuwa anamjua kijana huyo kwa maneno ya mama yake tu, akamjibu, "Basi usimwambie kwanza. Si kila mtu ana kifua."

Wewe msomaji umeshaelewa. Dokta alikuwa hajaelewa, na usimlaumu. Mama wa Jumanne alijiandikisha kwa jina la ukoo wa baba yake, na hakuwahi kutaja kazi ya mwanawe. Baada ya pazia kutundikwa kuna Jumanne mama yule alilishika pindo, akalitazama kwa muda mrefu, akauliza kalishona nani. "Fundi mmoja," Dokta alisema, na bila kujijua akatabasamu. Mama akaliachia pindo. Siku hiyo hakulia kabisa.

*

Jumapili ya kwenda kujitambulisha Dokta alivaa gauni la bluu lenye mikono mirefu na hereni ndogo. Fundi alipiga pasi shati mara mbili. Nyumba ilikuwa mwisho wa uchochoro, mlango umepakwa rangi mpya, maua kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha. Cherehani kuukuu ilionekana dirishani.

"Usiogope, kipenzi. Mpe shikamoo yako, kaa, kula. Basi."

"Siogopi mimi. Shikamoo ninayo hapa mdomoni tangu asubuhi."

Mlango ukafunguliwa. Mtandio wa zambarau.

Kinywa cha Dokta kilikuwa wazi, lakini miaka ya kazi ikamshika ulimi. Huyu humwanzi popote, wala huna ruhusa ya kumjua. Akangoja. Mama naye alikuwa amejiandaa kumpokea kama mgeni. Alijua nani anakuja, alijua tangu siku ya pindo. Ila alipomwona akakauka. Wakasimama wanatazamana, na Fundi katikati, tabasamu linamfia mdomoni.

"Karibu, mgeni," hatimaye mama alisema, kwa sauti ndogo.

Salamu haikutoka, si ya huyu wala ya yule. Dokta alikunywa chai, akasifu maua, akaaga kabla chakula hakijapoa. Fundi alimfuata mpaka mwanzo wa uchochoro.

"Mama yangu mzazi! Hata shikamoo?"

"Nilikosa adabu. Nisamehe."

"Kosa lina sababu yake. Nyumba yetu ndogo?"

"Hapana, hata kidogo."

"Au ndio ule utaratibu wako? Ule ni wa wagonjwa. Mama yangu ni mgonjwa?"

Dokta akisema hapana, amedanganya. Akisema ndiyo, amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Fundi alikuwa ameshika ufunguo mkononi na hakujua, maana chuma hakiugui.

"Unaona? Huna neno," Fundi alisema. "Kwako kila mtu ni wa kupimwa akili. Hata mama yangu."

"Naomba tusionane kwa muda," Dokta alisema. "Kwa nini, sina la kukwambia. Nakupenda. Hilo ninaweza kusema, basi lishike hilo."

"Nalishikaje, na hujaniachia pa kushikia?"

Akageuka akaenda zake. Dokta alilia njia nzima, waziwazi, mbele za watu, yeye aliyewatundikia wengine pazia.

*

Mkuu wa kitengo alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti laini. Kliniki nzima ilimwita Shangazi. Dokta alimweleza yote, kama wanavyotakiwa kuelezana wenyewe kwa wenyewe ndani ya mlango uliofungwa.

"Mama yule hawezi kubaki kwako," Shangazi alisema. "Akikubali, atahamia kwa mwenzetu Mzee Miwani, chumba cha pili. Lakini yeye ndiye wa kuamua, na ataulizwa humu ndani, si kwake. Na yule kijana hajui lolote mpaka mama mwenyewe apende. Hata kama utampoteza. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa."

"Kuna jingine linakukereketa. Lilete."

Dokta akavuta karatasi laini. "Mimi ndiye niliyemwambia mama asimwambie. Nilimhukumu kijana nisiyemjua kwamba hana kifua. Kumbe ndiye huyuhuyu niliyekuwa nampenda kwa kifua chake."

"Ulimjua mtu mmoja kwa milango miwili, ukadhani ni nyumba mbili," Shangazi alisema. "Hilo hutupata sisi tu. Nenda, Jumanne utarekebisha."

Lakini Jumanne mama hakuja. Wala Jumanne iliyofuata. Dokta alikaa mbele ya kiti kitupu. Kupiga simu haikuwezekana. Walikwisha kubaliana tangu mwanzo kwamba haipigwi, kijana anaweza kupokea. Sasa hofu yake haikuwa tena kuachwa. Aliogopa kwamba mama aliyekuwa ameanza kutembea mpaka sokoni peke yake anarudi gizani, na anarudi kwa sababu ya mapenzi yao.

Kisha simu ikaita. Fundi.

"Sikupigii kwa ajili yetu," alisema, na sauti ile iliyozoea utani ilikuwa imekauka. "Mama hainuki kitandani. Hali chakula. Nikimpeleka kwa daktari anasema hana homa. Nimemtania, nimemchekesha, nimecheza mpaka dansi mbele yake. Wapi! Wewe ni mtaalamu. Hata kama umenichoka mimi, niambie nifanye nini."

Dokta alifumba macho. Siri ya mtungi ilikuwa mkononi mwake, na hakuruhusiwa kuchota hata tone.

"Sijakuchoka. Nisikilize kama ungekuwa mtu yeyote aliyenipigia kuhusu mama yeyote. Usimchekeshe tena."

"Ndilo ninaloweza."

"Najua. Leo fanya usiloliweza. Kaa naye. Mwambie umeona kwamba hali yake si nzuri, muulize inamuuma wapi, halafu nyamaza. Nyamaza kweli, hata kama kimya kitakuwa kirefu mpaka masikio yakuume. Akisema neno, usilifanyie mzaha. Na akisema kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake, mlete hospitali palepale. Utaweza?"

"Sijui."

"Mimi najua. Utaweza."

*

Fundi aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, mchana kweupe, jua limepiga mpaka katikati ya chumba. Akasema aliyoambiwa aseme. Kisha akanyamaza, na hakuna pazia alilowahi kushona lililomchosha kama kimya kile. Utani ulimjia mdomoni, akaumeza. Ukaja mwingine, akaumeza na huo.

"Lile pazia la bluu," mama alisema hatimaye, bila kugeuka. "La kule hospitali. Umelishona wewe."

"Umelionea wapi, mama?"

"Mishono miwili, wa pili unarudi nyuma. Nani alikufundisha pindo lile?"

"Wewe."

"Basi. Nimekaa mbele ya pazia hilo Jumanne baada ya Jumanne, nalia."

Fundi hakusogea. Mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake moja moja, mazoezi ya mgongo, mlango, midomo miwili iliyofunguka na isitoe salamu. Mzee wa mkongojo mtaa wa vitambaa. Aliambiwa kila kitu siku ya kwanza kabisa, naye akacheka.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka, mwanangu."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Fundi akainama, akaweka paji la uso kwenye mkono wa mama yake, akalia kuliko alivyolia siku ya msiba.

"Na kuacha kwenda?"

"Nilimwona mlangoni anavyohangaika. Nikawaza, nikiendelea kuwa mgonjwa wake, mwanangu anakosa mke. Nikiacha, anakuwa huru. Mimi nimeshaishi."

"Mama, usiseme hivyo. Na mimi naogopa kukuuliza, lakini nakuuliza. Umechoka kuishi?"

"Nimechoka kuficha," mama alisema. "Kuishi bado nataka. Nataka nione harusi."

"Basi inuka ukanawe uso. Mficha maradhi, mama. Malizia mwenyewe."

"Kifo humuumbua," mama akamalizia, na kwa mbali, mbali sana, akatabasamu.

*

Jumanne benchi la korido lilijaa. Dokta alitoka chumbani kwake kumwita mgonjwa wa asubuhi, na pale karibu na mwisho wa benchi akaona mtandio wa zambarau umepigwa pasi, na pembeni yake mtu mrefu asiye na futi shingoni, mikono ameipakata magotini.

Miguu ilitaka kukimbia kwao. Hakukimbia. Aliwapitisha macho kama anavyowapitisha wote, akasimama mlangoni, akangoja, na moyo wake ulikuwa unadunda mpaka akahisi foleni ya dawa inausikia.

Mama akainuka. Alishika kwanza bega la mwanawe, maana watu walikuwa wengi na pumzi ilianza kumbana. Akavuta hewa polepole kama alivyofundishwa katika chumba kile, akaitoa. Kisha akapaza sauti, na benchi lote likageuka.

"Dokta! Hujambo, binti yangu?"

"Shikamoo, mama," Dokta alisema, na machozi yakamwahi. "Shikamoo sana."

"Marahaba, mwanangu. Ilichelewa, lakini imefika." Akawageukia waliokaa. "Huyu ndiye aliyekuwa akinitibu. Na huyu niliyekuja naye ni kijana wangu. Anajua yote."

Mlango wa pili ukafunguka, Mzee Miwani akachungulia. Shangazi alikwisha zungumza na mama asubuhi ile, na mama alikubali mwenyewe kuhamia kwake. Alipokuwa akiingia aligeuka. "Ila chumba hiki nacho hakina pazia," alimwambia mwanawe. "Sasa unangoja nini?"

Wakabaki wawili wamesimama koridoni. Dokta akangoja utani, haukuja.

"Mbona hunisalimii?" Dokta aliuliza.

"Nilidhani huku ndani unaanza wewe."

"Wewe si mgonjwa wangu."

"Nashukuru Mungu."

"Kifua kile cha kushoto kimepona?"

"Hakijapona." Akasogea, akashusha sauti ili benchi lisisikie, ingawa benchi zima lilikuwa limeacha hata kukohoa. "Nilikwambia hukuniachia pa kushikia. Kumbe uliniachia mama yangu. Ulikubali nikuone mkosa adabu, nikuone una kiburi, kuliko kuitoa siri yake. Mimi mke mwingine nitamtoa wapi? Sikuombi unijibu sasa. Jumamosi nitakuja kwenu, na mama, na shangazi zangu wote, tuongee na wazee wako. Nikija, utanifungulia?"

Dokta alifuta macho kwa kiganja, akasahau kwamba boksi zima la karatasi lilikuwa nyuma yake.

"Njoo," alisema. "Lakini ukifika mlangoni, shikamoo uanze wewe. Baba yangu hana utaratibu wetu."